Kiti cha Chola

Kasungami, Lubumbashi
22 Desemba 2024

Mwa Mbuyi wangu,

Watoto wamefika wazima. Bijou, mke wa Nkandu, amewashusha mbele ya mlango wangu mvua ikinyesha, kila mmoja na kiatu kimoja tu mguuni. Nilidhani vingine vimezama kwenye matope. Kumbe Kabanga alipoteza chake njiani, na dada yake akavua kimoja akakitupa, ili wawe sawa. Hao ni wajukuu zangu, sina la kusema.

Utanivumilia nikiendelea kukuita Mwa Mbuyi. Wewe ni mtu wa Luapula, lakini mwanangu alikuoa, na kwetu Kasai mama wa mapacha haitwi kwa jina lingine.

Mvua haijakatika tangu waje. Barabara yetu unaijua, hata pikipiki zinakataa kuingia. Umeme nao umekwenda, kwa hiyo televisheni ni sanduku tu. Mimi niliyefundisha darasa la kwanza miaka yangu yote, darasa limejaa mpaka mlangoni, nimeshindwa na wawili wa miaka minne kabla ya saa sita mchana. Asubuhi tulichambua maharagwe. Mbuyi anatenga meupe na mekundu, Kabanga anayachanganya tena ili kazi isiishe. Kisha tukaweka mabeseni chini ya bati linalovuja, kila mmoja na lake, tuone la nani litajaa kwanza. Kabanga alipoona anashindwa, akakojoa ndani ya lake. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa neno la simu. Jana ulipopiga uliwasikia wakicheka, ukafurahi. Hukuona yaliyofuata. Kabanga alitoka akaenda kusimama kwenye lango, anasema mama yuko karibu kwa sababu sauti yake iko karibu. Alikataa kuingia. Nilimbeba amelowa chapachapa. Kwa hiyo nimezima simu, na sitaiwasha mpaka likizo iishe. Tuandikiane. Lori la Nkandu linapita na samaki kila mara, atabeba barua zetu. Karatasi haina sauti ya kumtoa mtoto nje.

Wanakukumbuka sana. Na mimi kuna mtu ninayemtafuta kwenye nyuso zao. Tangu lori lilipompindukia mwanangu Élie kwenye barabara ya Mokambo, tukamzika mwezi wa sita, hii ndiyo mara ya kwanza nyumba aliyonijengea ina kelele. Nakushukuru kwa hilo. Lakini niambie, biashara gani ya samaki inakuzuia hata Noeli usije nao?

Mama yako,
Claudine


Kasenga
26 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Barua yako imefika. Habari ya beseni nimemsomea mama yangu, amecheka mpaka akakohoa. Anakusalimu.

Kuhusu simu, umefanya vizuri. Na mimi nilipokata nilikaa na simu mkononi muda mrefu, nikitazama ukuta. Afadhali barua.

Wakikuchosha, wape kitambaa kikubwa na viti, watajenga nyumba na hutawasikia mpaka waanze kugombania mlango. Mbuyi akisema hana njaa usimwamini, anaogopa kwamba chakula kikiisha mchana hakitakuwepo jioni, sijui nani alimwambia hivyo. Kabanga hulala akishika sikio la mtu. Si lake mwenyewe, la mwenzake. Akilishika lako mwachie tu, ataliachia usingizi ukimkolea.

Nilizoea kulala katikati yao, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, nikawa nalalamika kila asubuhi. Sasa kitanda ni kipana na baridi inaingia pande zote mbili. Usiwaambie haya.

Biashara inanishika, Mama. Mwisho wa mwaka watu wanataka samaki, nami nashinda ukingoni kwenye mitumbwi toka asubuhi mpaka jua linazama. Nakutumia samaki wakavu kidogo pamoja na barua hii, usishangae ikinuka. Na tafadhali, wakikusimulia mambo ya huku nyumbani kwangu, usiyatilie maanani. Watoto wanachanganya.

Ni mimi binti yako,
Joëlle


Kasungami
29 Desemba 2024

Mwa Mbuyi,

Samaki wamefika, tumewala na bukari niliyosonga mwenyewe, asante. Sikio langu limeshazoea kazi yake mpya.

Siku ya Noeli mvua ilitufungia tena, hata kanisani hatukwenda. Nilikuwa nakaanga mikate kwenye mbabula ya makaa, nikasikia kilio sebuleni. Nikakimbia. Kabanga amelala mkekani, amefunikwa kitenge changu mpaka kichwani. Mbuyi amekaa kando yake, amejifunga kitambaa kiunoni, analia kama walivyolia shangazi zake mwezi wa sita, na majina yote ya Élie anayataja bila kukosea hata moja. Walikuwa wanacheza matanga. Nilitaka kuwakataza, nikashindwa. Nikakaa pale pale chini, nikalia kweli. Ndipo kitenge kikafunuka na Kabanga akanitazama. "Kaku, apana kulia," akaniambia. "Ni kucheza tu."

Baada ya hapo nilitafuta mchezo wa watu walio hai. Meza ya kulia tumeigeuza kuwa lori la Nkandu. Kabanga ni dereva, kifuniko cha sufuria ndio usukani. Mbuyi anapanga abiria na kuwafokea. Mimi nilianza kama gunia la samaki, baadaye nikapandishwa cheo nikawa abiria. Safari ni ile ile kila siku: kwenda Kasenga kwa mama. Kila siku lori linakwama, tunashuka, tunasukuma, na kila siku hatufiki, kwa sababu nikisema tumefika watakutafuta mlangoni. Hiyo ndiyo hila yangu. Naona haya kuiandika.

Sasa sikia. Kiti cha karibu na dereva hakuna anayekikalia. Juzi miguu iliniuma, nikakaa pale. Mbuyi akanivuta nguo.

"Kaku, apana kuikala pale. Ile kiti iko ya Chola."

"Chola ni nani?"

Wakatazamana. Kabanga akasema, "Chola iko kwa mama."

"Anafanya nini kwa mama?"

"Analalaka na mama mu kitanda. Shiye tulitoka, sababu mama alale muzuri na Chola."

Nikauliza huyo Chola husema nini. "Hasemake," akajibu Mbuyi. "Anapigaka mama. Anapiga, mama anacheka." Halafu akaweka mkono mdomoni, akasema mama alikataza kusema.

Na Nkandu, bila kujua anachosema, ameniambia uvuvi wa Luapula umefungwa msimu huu, mitumbwi imepinduliwa ukingoni, na hao samaki wakavu ni wa zamani. Basi wewe unashinda ukingoni ukiuza nini?

Siandiki kwa hasira. Nauliza tu. Chola ni nani?

Claudine


Kasenga
2 Januari 2025

Mama,

Nakutakia mwaka wenye amani.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Nilipoona umeandika jina hilo kwa mkono wako, nilijua hakuna tena cha kuficha, umekwisha kufahamu. Basi sitakudanganya tena kwa samaki. Siendi ukingoni. Niko nyumbani kitandani, na ni kwa sababu ya Chola nimewaleta watoto kwako, kama walivyokuambia.

Sikuweza kukuambia mapema. Nakumbuka maneno aliyonitupia Papa Stanislas siku ya kumaliza matanga. Ulikuwa umekaa pale, hukumjibu. Sikulaumu, alikuwa anaongea kama mkubwa wa familia na wewe ulikuwa umemzika mwanao. Lakini toka siku hiyo niliogopa.

Chola hakuomba kuja wakati huu. Amekuja katikati ya huzuni, na mwanzoni mimi mwenyewe sikumtaka, nililia. Sasa siwezi kulala kabla sijamsikia. Kama familia haimtaki, sitamlazimisha kwenu. Lakini simwachi, Mama. Nimekwisha kumpenda.

Naomba usiwaulize watoto habari zake tena. Naomba pia wanirudie mara tu nitakapoweza kusimama. Kila lori linalopita kwenye matope nalisikia toka mbali, nainua kichwa, ingawa najua hawamo.

Joëlle


Kasungami
5 Januari 2025

Joëlle,

Barua yako nimeisoma nimesimama.

Élie hajamaliza mwaka kaburini. Sikukukataza kuishi. Wewe ni kijana, na siku moja ningekuja mimi mwenyewe kukuambia utazame mbele. Lakini si hivi. Si kuwatoa watoto wake kitandani ili mwingine apate nafasi, kisha kuniambia ni samaki.

Na ni mwanaume gani huyo? Anakupiga na wewe unacheka, mpaka sasa huwezi hata kusimama. Ana kazi gani? Anakunywa? Ana mke kwingine? Kama ana heshima avae viatu aje hapa, avue kofia mbele ya Papa Stanislas, ataje ukoo wake. Mimi nimekwisha kumwona akilini. Ana masharubu, ana mabuti ya mpira, na ameyanyoosha juu ya meza ya mwanangu.

Watoto hawarudi. Nimemweleza Papa Stanislas yote, naye ameita familia ikae Jumamosi ya tarehe 18, hapa kwangu, kuamua kwamba watabaki Lubumbashi. Shule ya jirani itawapokea.

Mvua bado. Tunaendelea na lori letu. Leo nilikikalia kile kiti kwa nguvu. Kabanga alilia mpaka akalala bila kula. Nilijua nafanya vibaya, lakini sikuinuka.

Claudine


Kasenga
8 Januari 2025

Mama,

Chola hana kazi. Hanywi. Hana mke, hana viatu, hana masharubu. Hana hata meno.

Chola yuko tumboni mwangu.

Nilipoanza kusoma barua yako nililia. Halafu nikafika kwenye masharubu na mabuti, nikaanza kucheka, mama yangu akaninyang'anya karatasi kwa sababu muuguzi amenikataza kucheka kwa nguvu. Sasa ninaandika nimelala ubavu, utanisamehe mwandiko.

Kwetu, mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha ana jina kabla hajaonekana. Ni Chola, awe msichana, awe mvulana. Hakuna anayechagua. Niliwaambia Mbuyi na Kabanga kwamba Chola anakuja, wakaweka masikio tumboni, akawapiga mateke. Ndiyo hayo mapigo waliyokusimulia. Nilidhani kila mtu anajua maana ya jina hilo. Ulipoliandika, nilidhani umefahamu kwamba nina mimba, na kwamba baridi yote ya barua yako ni kwa ajili ya mimba hiyo.

Ni wa Élie. Sikujua mpaka matanga yalipokaribia kwisha, na siku ile ile nilipotaka kukuambia, Papa Stanislas akasema mbele ya wote, "Mujane akienda kuikala pa mutoni, asitulete batoto ba mu mayi na kusema ni betu." Nikaona huyu ataitwa mtoto wa majini asiye na baba, nikafunga mdomo. Baadaye damu ikaanza kutoka. Muuguzi akaniambia nilale, nisibebe kitu, nisiiname. Unawajua wale wawili, kitanda kwao ni uwanja wa mpira. Ndiyo maana nikawatuma kwako.

Ningekuambia basi wakati huo. Lakini muuguzi hakuwa na uhakika kama mtoto atakaa. Sikutaka kukurudishia Élie, halafu nikuandikie kwamba amekwenda tena.

Nawatamani wanangu mpaka mikono inauma. Mtoto anatarajiwa mwezi wa pili, na siwezi kupanda lori kuja kuwapigania. Sina mtu hapo ila wewe. Nakuomba usimwachie Papa Stanislas watoto wangu.

Joëlle


Kasungami
10 Januari 2025

Mwa Mbuyi,

Nilipomaliza kusoma nilikwenda jikoni, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la makaa. Watoto waligonga sana, wakidhani ni mchezo mpya.

Kila mwaka darasani nilikuwa na Chola mmoja, au wawili. Niliwaita majina asubuhi, niliwasahihisha, niliwapigisha magoti walipochelewa, na sikuuliza hata mara moja nani aliwatangulia kuzaliwa. Nimezaliwa katika mji huu. Baba yangu alitoka Kasai kuja kutafuta kazi, na tumeishi na watu wenu ukuta kwa ukuta. Sisi tuna jina letu la mtoto wa namna hiyo, nami nikakaa miaka yote hii kana kwamba wengine hawana la kwao.

Nilikwenda kwa Papa Stanislas, matope mpaka magotini, kumwambia nimekosea. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alianza kuhesabu miezi kwa vidole mbele yangu, kisha akasema, "Tutaona. Mutoto akizaliwa, tutamuangalia sura. Mpaka pale, mapasa itabakia kwetu." Nikasema basi nafuta mkutano. Akasema mkutano si wangu tena, amekwisha kuita watu wa Likasi. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na sasa ndiye mkubwa wetu. Mimi niliyekwenda kumwamsha sijui jinsi ya kumlaza.

Jambo moja. Sikukuuliza kama mtoto ni wa Élie. Umejibu swali ambalo halikuulizwa. Usilijibu tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Jana niliacha lori lifike. Kwa mara ya kwanza tulifika Kasenga, na mimi nilikuwa wewe. Walishuka mbio kutoka mezani, wakanikumbatia kiunoni, kisha wakaweka masikio tumboni mwangu, mmoja huku, mmoja huku, wakangoja. Nikawaambia Chola amelala. Walikubali, wakatembea kwa vidole nyumba nzima mpaka jioni, na ndiyo siku pekee tangu likizo ianze ambayo sikusikia kelele. Sikuipenda.

Lala, mwanangu. Kula. Usiinue hata kikombe. Ya hapa niachie mimi.

Mama yako,
Claudine


Kasenga
14 Januari 2025

Mama,

Hakungoja mwezi wa pili. Chola amezaliwa jana asubuhi. Ni msichana. Ni mdogo, mama yangu anamshika kwa mkono mmoja, lakini analia vizuri na ananyonya. Muuguzi amesema tumpe joto na tusimpe wageni.

Mimi ni mzima, nimechoka tu. Jana alipolia mara ya kwanza niligeuka kuwatafuta wale wawili nyuma yangu, ili nione nyuso zao. Hawakuwepo. Furaha yangu ilikatika katikati, Mama, na mpaka sasa imekatika.

Jumamosi ni karibu. Sina maneno ya kuwaambia wazee wenu. Nataka watoto wangu tu.

Joëlle


Kasungami, Lubumbashi
17 Januari 2025

Kwa Chola,

Mama yako atakusomea, wewe una kazi ya kunyonya. Mimi ni Claudine, mama wa baba yako. Ndugu zako wananiita Kaku, nawe utaniita hivyo.

Kabla hujazaliwa nilikuchukia. Nilikupa masharubu na tabia mbaya, nikakushtaki kwa familia yote. Nakuambia mwenyewe, kwa sababu Mbuyi na Kabanga hawawezi kunyamaza na ungelisikia kwao likiwa limeongezwa chumvi.

Barua hii inakuja pamoja nao. Kesho asubuhi mapema Bijou atawapitia, na lori la Nkandu litakuwa limeshatoka mjini wazee watakapofika hapa. Nitawapa viti, nitawapa chai. Watasali. Kisha Papa Stanislas atauliza watoto wako wapi, nami nitajibu kwamba wamekwenda kumwona mdogo wao. Atakasirika sana. Huenda ndugu wa mume wangu hawatakanyaga tena mlangoni kwangu, na hilo nimelifikiria. Nyumba ni yangu. Baba yako hakumjengea Stanislas.

Leo mchana nilifunga vitu vyao. Walitaka kujua kama una nywele, kama utaogopa ngurumo, kama unaweza kukimbia. Nikawaambia watakuuliza wenyewe. Kabanga alinitazama nikikunja nguo zake, akaona zangu hazimo.

"Kaku, na weye? Haukuye?"

Nikamwambia kuna wageni wanakuja, lazima mtu awafungulie. "Basi tutakungojea," akasema. Nikatoka nje kuangalia kama mvua imepungua. Haikuwa imepungua, lakini nilikaa huko kwa muda.

Nikuambie kinachoniuma kuliko vyote. Baba yako hakujua kwamba unakuja. Alikufa akijua ana watoto wawili. Tangu Jumatano, barua ya mama yako ilipofika, mara kwa mara nafungua mdomo nimwite nimwambie, kisha nakumbuka.

Watu watakuja kukutazama usoni wakimtafuta. Wengine watasema wamemwona, wengine watasema hayumo, na kila mmoja atakuwa anasema alichotaka kusema tangu alipotoka kwake. Waache. Siku Élie alipozaliwa, wanawake waliokuwa nami chumbani wote wamekwisha kufa. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua alikuwa na uso gani siku zake za kwanza. Barabara ikikauka nitakuja, nitakushika, nitakutazama vizuri, kisha nitatoka nje niwaambie wote kwamba ni yeye. Nitasema hivyo hata kama sitaona kitu.

Lakini nataka kuona. Mvua itaendelea mpaka mwezi wa tatu, na uso wa siku za kwanza haukai. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, ingawa najua wewe ni mtoto na hutaweza kunitii. Usikue upesi.

Kaku yako,
Claudine